Koko alikataa kuombewa, kanisa likakaribia kumtoa kwenye daftari la wazee

Wakuu, nawasalimu wote mlio humu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza kama makanisa yetu ya mtaani yanawajali wazee waliolala kitandani, au yanangoja tu siku ya kuja kuwazika. Watu walijibu kwa hasira, wa upande huu na wa upande ule. Mimi nilisoma nikanyamaza, kwa sababu jibu langu haliwezi kukaa kwenye mistari miwili.

Leo niko off. Nimefua, nimeanika, nimekaa nje ya mlango na chai. Nitawaeleza yaliyotupata hapa Kitengela mimi na nyanya yangu. Majina nimebadilisha, lakini mengine yote nayaandika yalivyokuwa, hata yale yanayonionyesha kuwa mjinga.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni wa kwanza kwa watoto watatu. Baba alikuwa Mkikuyu, mama Mmaasai wa Mashuuru. Walifariki nikiwa Form Two, mmoja akamfuata mwenzake kabla ya mwaka kwisha. Nikaacha shule. Hakuna aliyeniambia niache. Niliwaangalia tu wale wawili wadogo, nikaweka vitabu chini ya kitanda.

Nyanya yetu mzaa mama alishuka kutoka Mashuuru na sufuria moja, shuka mbili na kibuyu cha maziwa. Tunamwita Koko, ndivyo Wamaasai wanavyomwita nyanya. Alikaa na sisi kwenye chumba kimoja mpaka mdogo wetu wa mwisho akamaliza shule. Siku ile matokeo yalipotoka alifunga mzigo wake, akasema mbuzi wake watakuwa wamemsahau, akarudi kwao.

Hilo la chumba kimoja mliweke akilini, litarudi.

Mwaka jana Koko alianguka bomani akavunjika nyonga. Hospitali walifanya walivyoweza, lakini kusimama hakusimama tena. Nikamleta kwangu. Nina vyumba viwili vya kupanga kwenye ploti. Mimi nalala cha mbele, yeye nilimpa cha nyuma kwa sababu dirisha lake linaangalia mbuzi wa jirani. Asubuhi huwa anawahesabu na kuwakosoa.

Sasa shida ikaanza.

Mimi ni mwanaume, na sijaoa (msiniulize, uzi huu si wa mambo hayo). Mjukuu wa kiume hawezi kumwosha nyanya yake. Siku ya kwanza nilijaribu. Nilifika mlangoni na beseni la maji ya moto, taulo begani. Koko aliniangalia tu. Nikageuka na beseni langu.

Kazi yangu iko Isinya, shamba la maua. Nakata maua kwenye greenhouse. Natoka alfajiri, narudi jioni. Dada yangu Nyambura ana saluni Kajiado mjini na watoto wadogo wawili, kwa hivyo kwangu anafika Jumapili peke yake. Ndugu yetu mdogo ni mlinzi kule Laiser Hill, Rongai, na ruhusa ya kutoka kazini anaipata kwa kubembeleza.

Maana yake ni kwamba kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi Koko angekaa kwenye shuka lililolowa mpaka nirudi. Na wiki mbili za kwanza ndivyo ilivyokuwa. Siwezi kulipamba hilo.

Hapo ndipo kanisa lilipoingia.

Nyuma ya hardware ya hapa kwetu kuna kanisa dogo la mabati. Mimi nilikuwa naingia Krismasi na Pasaka, basi. Lakini kwenye ploti yetu anaishi Mama Shiku, shemasi wa kanisa hilo, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya kuita kuku kutoka mbali. Jioni moja alimsikia Koko akikohoa. Akaingia bila hodi, akavuta pumzi mara moja, akajua.

"Kimani, huyu mama anaoshwa na nani?"

Nikaliangalia beseni, kavu pale kwenye kona.

"Jumatatu," akasema, akatoka.

Jumatatu walikuja wanawake watatu wenye aproni, na daftari. Wakawa wanakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Siku chache nilizopangiwa shifti ya mchana nilisimama nje ya pazia nikasikiliza wanavyofanya kazi. Wakuu, mimi ni mtu wa kuuliza maswali, na ile kazi ilinishangaza. Wawili wanamgeuza mzee kwa kutumia shuka lenyewe, hawamvuti mkono. Wa tatu anaosha. Wanapaka mafuta visiginoni, kwenye viwiko, na chini ya mgongo pale mifupa inapogusa godoro. Shuka wanalibadilisha mzee akiwa palepale juu ya kitanda. Halafu wanapika uji.

Nilimuuliza Mama Shiku walijifunzia wapi.

"Kwa kukosea," akasema. "Mzee wetu wa kwanza tulimwangusha."

Na lile daftari. Ni daftari la shule, limepigwa mistari kwa rula. Kila mzee ana ukurasa wake, na kila ukurasa una safu nne: Tarehe, Ameoshwa, Amekula, Ameombewa. Ukimaliza unaweka tiki, au X. Wazee walikuwa kumi na wawili pamoja na Koko, na hawakuweza kuongeza hata mmoja kwa sababu wanawake wenyewe walikuwa tisa, na migongo yao si ya chuma.

Shida ilikuwa kwenye safu ya nne.

Kila wakimaliza kazi, wanawake wale wanazunguka kitanda na kuomba. Mama Shiku anaweka mkono juu ya kichwa cha mgonjwa, wengine wanaweka yao juu ya ule wake, asiyefikia anashika bega. Mnajua jinsi ilivyo.

Mara ya kwanza Koko alikaza macho akageukia ukuta.

Mara ya pili alishika mkono wa Mama Shiku akautoa kichwani polepole, kama mtu anayeepua sufuria, akamrudishia mwenyewe.

Mara ya tatu alijifunika shuka kichwa kizima. Na uji hakunywa.

Kuanzia hapo, siku za wale wanawake Koko akawa hali chakula. Jumanne anakula, Alhamisi anakula, lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anafunga mdomo tangu asubuhi. Kwenye ukurasa wake safu ya kuoshwa ina tiki, na zile nyingine mbili ni X juu ya X. Na mikono yake ilikuwa inazidi kuwa myembamba.

Jumatano moja Mama Shiku aliningoja mlangoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, na mtu mkubwa akiumia huwa anaongea polepole.

"Kimani, sisi hatulazimishi mtu. Kanisa lina utaratibu. Mzee akikataa huduma, jina linaenda kwa kamati, na nafasi anapewa mwingine. Kuna mzee pale upande wa reli anangoja."

"Hajakataa kuoshwa, Mama Shiku."

"Anakataa chakula siku tukija. Tukiendelea, tutakuwa tunamuua kwa usafi." Akafunga daftari. "Kamati inakaa Jumapili ya wiki ijayo. Ongea na yeye."

Nilimpigia Nyambura. Akasema kile nilichokuwa naogopa.

"Kaka, kuna nyumba ya wazee nimesikia, iko mbali kidogo lakini wanawatunza vizuri. Wewe huwezi kuacha kazi. Mimi siwezi kufunga saluni. Tuseme ukweli."

Simu yangu ina spika mbovu, inasikika nyumba nzima. Kutoka chumba cha nyuma Koko akasema kwa Kiswahili chake:

"Mwambie huyo, mimi nilikaa na nyinyi chumba moja. Mimi sikupeleka nyinyi nyumba ya mayatima."

Nyambura alisikia. Nikakata simu.

Kwa hivyo wakuu, nilikuwa na siku kumi na moja za kujua kwa nini nyanya yangu anakataa kuombewa. Nisipojua, anatoka kwenye daftari. Akitoka kwenye daftari, anatoka nyumbani kwangu. Ilikuwa hivyo tu.

Nilimuuliza yeye mwenyewe kwanza. Akasema, "Wananifanya enkerai."

Neno hilo nalijua. Enkerai ni mtoto kwa Kimaasai. Kimaasai changu ni cha kuokota, mama alikufa nacho kingi. Lakini hilo nililijua, nikafurahi, nikaona nimeshapata jibu.

Nikasema, ni kijiko. Wanamlisha na kijiko kama mtoto mchanga, na huyu ni mwanamke aliyekuwa anakama ng'ombe akiwa na miaka sabini na tano. Nikawaomba wale wanawake wamwache ashike kikombe mwenyewe.

Ijumaa hiyo Koko alishika kikombe. Alikishika vizuri kabisa, akanywa mara mbili, wakafurahi. Halafu Mama Shiku akainua mkono ili waombe. Koko akafungua vidole. Uji ukamwagika kitandani wote.

Mama Wanza, Mkamba mmoja wa lile kundi ambaye hakosi neno, alisema akikunja shuka, "Leo tumetandika mara mbili. Natumaini huko juu wameandika mara mbili."

Hawakucheka sana.

Nikafikiri labda kichwa kinamuuma, labda aligonga siku ile alipoanguka na hakuna aliyeona. Nikamleta daktari wa kliniki ya barabarani. Akampima macho, masikio, shingo. Koko alitulia, akamjibu maswali yote, hata akamuuliza kama ameoa. Daktari akaniambia, "Kichwa cha huyu mama ni kizima kuliko changu."

Nikafikiri labda ni dhehebu. Alibatizwa kule Mashuuru na watu wengine, labda anaona hawa si wake. Nilipomuuliza aliniangalia kama nimeuliza kama jua ni la Wakikuyu. "Enkai ni moja," akasema. Enkai ni Mungu.

Siku zikabaki nne.

Jumatano jioni nilienda dukani kwa Abdi kumnunulia Koko ugoro wake. Abdi ni Msomali, familia yake ilitoka Garissa zamani, na kabla ya kufungua duka alizunguka miaka mingi akinunua mbuzi, Mashuuru, Isinya, mpaka ndani kabisa ya Kajiado. Kimaasai anakijua kuliko mimi, na huwa hachoki kunikumbusha.

"Koko anaendeleaje?"

Nikamweleza yote, kwa sababu dukani hakukuwa na mtu na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kuhusu kijiko, daktari, dhehebu. Alikuwa anapima sukari. Nilipofika pale pa mikono akasimama, mkono bado uko ndani ya gunia.

"Rudia. Wanamshika wapi?"

"Kichwani. Wanaomba."

"Kimani, wewe ukiingia kwa nyanya yako unasalimia namna gani?"

"Nasema Koko, umeamkaje."

"Na kichwa?"

"Kichwa kipi?"

Alicheka, lakini si kwa ubaya. Akazunguka kaunta akaja upande wangu.

"Mimi nikienda boma la kina mama yako kununua mbuzi, watoto wanakuja mbio. Hawasemi kitu. Wanaleta kichwa hivi." Akainama mbele yangu, mzee mzima mwenye ndevu nyekundu za hina. "Unagusa. Ndiyo salamu. Mtoto analeta kichwa, mkubwa anagusa. Hata kijana mkubwa, kwa nyanya yake analeta. Sasa wewe umemwekea wanawake watatu, kila wiki mara tatu, wanamgusa kichwa. Mwanamke wa umri ule. Unataka aseme nini, asante?"

"Lakini wanaomba, Abdi."

"Mimi na wewe tunajua wanaomba. Kichwa chake kinajua nini?"

Nikasimama pale na ugoro mkononi.

Nilikumbuka, wakuu. Nilikumbuka Mashuuru nikiwa mdogo, mama akinisukuma kwa nyuma ya shingo, na mimi nikipita mbele ya wazee waliokaa, kichwa chini, mkono baada ya mkono, yote inanuka tumbaku na moshi. Nilikuwa nachukia, kwa sababu ukiinama huoni kitu ila miguu ya watu.

Sasa swali lililonisumbua njia nzima ya kurudi ni hili: niliacha lini?

Niliacha mwaka ule wa mazishi. Kwenye mazishi ya mama watu walianza kunipa mkono. Wajomba, majirani, mpaka pastor. "Wewe sasa ndiye mkubwa." Hata Koko aliposhuka na kibuyu chake nilimpa mkono, kama mwenye nyumba anavyompokea mgeni. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kunigusa kichwa ila kinyozi.

Nilifika nyumbani. Koko alikuwa macho, anaangalia mbuzi wakifungiwa. Kitanda ni cha chini, ilibidi nipige magoti. Sikusema kitu. Nikaleta kichwa.

Mkono haukuja haraka. Nilianza kufikiri Abdi amenidanganya. Halafu ukaja, mkavu na mwepesi, ukakaa.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa kwa Abdi, Koko."

"Si dukani."

Nikauliza kwa nini hakusema, kwa nini hakumwambia Mama Shiku tangu siku ya kwanza. Akanyoosha mkono apewe ugoro wake kwanza, akachukua muda wake, akapiga chafya.

"Hiyo si kitu ya kuitisha," akasema. "Nikiitisha mtu alete kichwa, basi hajaleta."

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Supavaisa alinuna, nikamwambia ni nyanya, akanuna kidogo zaidi, akanipa.

Walikuja wawili tu siku hiyo, Mama Shiku na Mama Wanza. Nilijua maana yake. Ilikuwa siku ya kumaliza, kabla ya kamati kumtoa Koko. Mama Shiku alikuwa ameshika daftari kifuani kama mtu aliyebeba barua mbaya. Nikawaomba wakae kidogo nje kabla ya kuingia. Mama Shiku akakalia mtungi wa maji, nikawaeleza.

Mama Shiku akateremsha daftari mapajani.

"Kwa hivyo hii miezi yote," akasema, "nimekuwa nikimfanya mama wa watu kama mtoto wa Sunday school."

"Hukujua, Mama Shiku."

"Na wewe? Mjukuu mzima?"

"Hata mimi."

"Huyu naye ni Mmaasai wa kupiga picha," Mama Wanza akasema.

Lakini Mama Shiku hakucheka. Alikuwa na jambo lake, na mimi namheshimu kwa kulisema. "Kimani, mimi ni shemasi. Sisi tunawekea wagonjwa mikono, imeandikwa. Siwezi kuja nyumba ya mgonjwa nioshe, nipike, niondoke bila kuomba, kama mimi ni wa kuajiriwa. Sasa niombe namna gani? Nisimame mlangoni?"

"Mimi sijui," nikamwambia. Na ni kweli sikujua. "Muulize yeye."

Alinitazama. Nadhani ndipo sote watatu tulipoona kwamba katika miezi ile yote hakuna aliyekuwa amemuuliza Koko kitu chochote zaidi ya "umekula?" na "inauma wapi?"

Wakaingia. Wakamwosha, wakatandika, sawa na siku zote. Mimi nikangoja nyuma ya pazia mpaka waliponiita. Mama Shiku alikuwa amesimama pembeni ya kitanda. Mikono ilikuwa nyuma, ameifunga yeye mwenyewe.

Akashuka chini. Wakuu, magoti ya yule mama yalilia, nilisikia. Akashika ubao wa kitanda, akainamisha kitambaa chake cheupe cha kanisa mpaka karibu na godoro.

"Takwenya, yeyo," akasema.

Ndiyo salamu ya kumsalimia mama. Nilikuwa nimemfundisha pale nje kwenye mtungi, na aliitamka kwa Kikuyu kabisa, kama jina la mji wa Murang'a.

Koko akacheka. Tangu aje kwangu sikuwa nimesikia kile kicheko, kinatoka puani kwanza.

"Iko," akamjibu, kama inavyojibiwa. Akaweka mkono juu ya kile kitambaa.

Halafu hakuutoa.

Akaanza kusema kwa Kimaasai, taratibu, macho wazi, anaangalia dirishani. Nilishika neno Enkai mara tatu au nne, nikashika neno la mama, mengine yakanipita. Mama Shiku alibaki chini. Mama Wanza naye, bila kuambiwa, akapiga magoti upande wa pili, akasogeza kichwa, na Koko akampa mkono wa kushoto.

Alipomaliza, Mama Wanza akaninong'oneza, "Amesema nini?"

"Sijui yote."

Koko akajibu mwenyewe. "Nimeambia Enkai, huyu mkubwa ako na mgongo mbaya. Kila akinigeuza analia kidogo, anaficha. Nimesema aangalie hiyo mgongo. Na huyu mwingine, apunguze mdomo."

Mama Shiku alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Ilibidi mimi na Mama Wanza tumsaidie kuinuka.

Uji ukaletwa. Koko akamaliza kikombe, akauliza kama kuna kingine.

Halafu likabaki daftari. Mama Shiku alilifungua mapajani. Ameoshwa, tiki. Amekula, tiki kubwa. Kwenye safu ya nne kalamu ikasimama hewani. Nilikuwa namwangalia. Ile ni safu ya Ameombewa, na yeye si mtu wa kuandika uongo. Koko hakuwa ameombewa.

Akaweka kalamu chini, akaiinua tena. Hakuweka tiki wala X. Akaandika neno zima, kwa herufi za kubanana kwa sababu safu ni nyembamba: Ametuombea.

Jumapili nilienda kanisani, na haikuwa Krismasi. Baada ya ibada kamati ilikaa kwenye viti vya plastiki, nami nikakaa nyuma. Pastor akafika ukurasa wa Koko akasoma, akavua miwani, akavaa tena.

"Hapa mmeandika nini?"

"Ni vile umesoma, pastor," Mama Shiku akasema.

"Lakini safu ni ya Ameombewa."

"Basi safu ndiyo ina shida."

Walijadiliana kidogo. Mzee mmoja wa kamati alisema utaratibu ni utaratibu, mgonjwa ndiye wa kuombewa. Mama Wanza akamuuliza lini mara ya mwisho yeye mwenyewe aliombewa mgongo. Pastor, ambaye ni mtu mpole, akasema rula iko wapi. Akapiga mstari wa safu ya tano yeye mwenyewe. Koko akabaki kwenye daftari.

Lakini hapo wakuu nikakumbuka yule mzee wa upande wa reli. Kama Koko amebaki, yeye bado anangoja. Sikuweza kukaa pale nikifurahia nafasi ya mtu mwingine. Nikauliza.

Mama Shiku akasema shida ya yule si nafasi peke yake. Alikuwa dereva wa lori, hana mke, na hataki kuoshwa na wanawake. "Anasema heri anuke. Na kwenye kundi letu hakuna mwanaume. Wanaume wa kanisa hili wanajua kubeba jeneza tu."

Wanaume wa kamati wakaangalia chini.

Nikafikiria lile beseni langu nililogeuka nalo mlangoni. Maji yalikuwa ya moto kabisa siku ile, na taulo lilikuwa safi. Nikainua mkono.

Sasa siku zangu za off asubuhi naenda upande wa reli. Mama Shiku alinifundisha kugeuza kwa shuka, kwenye godoro tupu, yeye akiwa mgonjwa na Mama Wanza akinikosoa. Siku ya kwanza kwa yule mzee nilisimama mlangoni, na kabla ya kugusa kitu nikauliza:

"Mzee, kwenu mtu mkubwa anasalimiwa namna gani?"

Aliniangalia kwa jicho moja. "Kwetu ni mkono tu," akasema. "Lakini nawa kwanza, sikujui ulitoka wapi."

Nikanawa. Nikampa mkono. Safu ya tano bado nasubiri, hajaniombea, anasema mpaka aone kama nitarudi. Nimerudi mara sita.

Kwa hivyo kwa yule aliyeuliza kama kanisa linawajali wazee: la kwetu linawajali, nimeliona likiwa limeshika beseni. Lakini lilikaribia kumpoteza Koko likiwa limemshika kichwa kwa upendo, na mimi damu yake nikiwa nimesimama pale naangalia. Nilichojifunza ni kuuliza kabla ya kunyoosha mkono. Na kwamba mtu aliyelala miezi anageuzwa na wengine, huenda bado ana kitu anachotaka kukutolea, ila hujamsogelea vya kutosha apate kufika.

Yapo ambayo sijui bado. Sijui kama kuna makanisa yenye wanaume kwenye kazi hii, na waliwapataje. Sijui jinsi mnavyofanya kwa mzee asiyeweza tena kusema anachokataa. Mwenye uzoefu aandike hapa chini, nitasoma yote.

Na kila mmoja aniambie, kwao mzee anasalimiwa vipi. Wazee kumi na watatu wa daftari letu wametoka pande nyingi, nami nimeanza kuwaandikia ukurasa wa nyuma.

Ngoja niishie hapa. Koko ananiita, anasema mbuzi wa jirani amepungua mmoja. Na bado sijampelekea kichwa leo.